Kosa Lilikuwa Kwenye Shingo ya Gitaa

Katika ukoo wetu kuna hukumu moja ambayo haijawahi kukatiwa rufaa: mdogo wangu ana kipaji cha muziki, mimi sina. Hutamkwa kwenye kila arusi na kila matanga anaposhika gitaa, tena hutamkwa kwa upendo, kama vile watu wanavyosema kwamba fulani amerithi pua ya babu yake. Kwa miaka mingi nami niliikubali. Leo naipinga, wala si kwa ajili ya kudai heshima yangu, maana nina kazi ninayoipenda na maisha yangu hayajapungukiwa. Naipinga kwa sababu hukumu za namna hiyo hutolewa kila mwaka juu ya watoto wengi wa Lubumbashi, mji wetu huku Kongo, na katika kesi yangu mimi nina vipimo vinavyoonyesha kwamba ilitolewa kimakosa.

Nilikuwa na miaka 11. Tulikuwa tukikaa mtaa wa Katuba, katika miaka ambayo mshahara wa baba ulichelewa kiasi kwamba hakuna mtoto aliyethubutu kutaja gitaa mezani. Nikatengeneza langu, kama walivyofanya watoto wengi wa mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo mjini humo kabla yangu. Mwili wake ulikuwa kopo la bati la mafuta ya kupikia, lile la pembe nne la lita 5. Shingo ilikuwa ubao uliong'olewa kwenye sanduku la mizigo, na nyuzi nne zilikuwa nyaya nilizozichambua kutoka kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Zikabaki freti, yaani vile vijichuma vinavyokatiza shingo ambavyo kidole hubana uzi nyuma yake ili sauti ipande. Kwa hizo nilikata spoku za baiskeli ileile, nikazifunga mojamoja kwa waya mwembamba.

Katika kuzipanga spoku hizo ndipo nilipojivunia akili yangu. Kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea juu ya kopo, palikuwa na sentimita 60. Rula yangu ya shule ilikuwa ya sentimita 30. Niliilaza juu ya ubao, nikapiga alama kila baada ya sentimita 3, na nusu nzima ya uzi ikagawanyika katika nafasi 10 zinazolingana. Nakumbuka nilivyoinama hadi jicho likawa usawa wa shingo, nikazitazama spoku zile zilivyonyooka kama mataruma ya reli, kila moja mbali na mwenzake kwa kipimo kilekile. Sijui kama tangu siku hiyo nimewahi kufanya kazi ya mikono kwa uangalifu mkubwa kuliko ule, na uangalifu huo wote ulikuwa umeelekezwa kwenye kosa.

Uzi haupandi kwa hatua sawa. Kila nusu toni, yaani hatua ya sauti kutoka freti moja hadi inayofuata, huondoa fungu lilelile la urefu uliobaki, si la urefu wa mwanzo, na fungu hilo ni karibu moja ya 18. Vincenzo Galilei, Mwitaliano mpiga luti, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa, na baba mzazi wa mwanasayansi Galileo, aliieleza kanuni hiyo ya 18 mwaka 1581, na mafundi waliendelea kuitumia muda mrefu baada yake. Kwa kuwa kinachobaki hupungua kila mara, nafasi nazo hupungua. Kwenye uzi wa sentimita 60, nafasi ya kwanza inataka takriban sentimita 3.4, ilhali ya 12 inataka sentimita 1.8 tu, na hapo kwenye ya 12 ndipo nusu ya uzi inapofikiwa na sauti ya mwanzo inaporudi ikiwa juu zaidi. Mimi nilifika kwenye nusu hiyo katika nafasi ya 10. Ngazi ya vidato 12 niliijenga kwa vidato 10, nikaamini kwamba nimetenda haki kwa sababu vidato vyote vilikuwa na upana mmoja. Magitaa ya kweli nilikuwa nimeyaona kanisani mara nyingi, na jicho liliona wazi kwamba nafasi zao zinapungua kadiri zinavyolikaribia tundu. Nilidhani ni urembo.

Linalonisumbua hadi leo ni namna kosa hilo lilivyojificha. Nilipokuwa mtu mzima nilikaa na karatasi nikalipigia hesabu. Nafasi yangu ya 5 ilikuwa sahihi, kwa sababu iliondoa robo ya uzi ikaacha robo tatu, na huo ndio uwiano unaotakiwa mahali hapo. Nne zilizoitangulia zilikuwa chini kidogo, kwa kiasi ambacho sikio la mtoto husamehe. Ya 7 ilikuwa imepanda kupita kiasi, karibu nusu ya nusu toni, na ya 9 ilikuwa imepita nusu toni nzima na ziada. Kwa hiyo nyimbo zinazokaa katika sauti tano za chini zilitoka vizuri. Mama alikuwa akisimama mlangoni na mwiko wa bukari, yaani ugali, mkononi, akinisikiliza kwa furaha. Lakini nilipopanda juu ya shingo wimbo uleule ulipinda, na kadiri nilivyopanda ndivyo ulivyozidi kupinda, mpaka watoto waliokuwa wakiimba nami wakanyamaza kwa sababu hawakujua tena wafuate sauti yao au ya kopo langu.

Yeyote aliyekuwa akisikiliza angefikia uamuzi mmoja: huyu mtoto anaweza mambo rahisi, magumu yanamshinda. Mimi mwenyewe nilifikia uamuzi huo. Kama nafasi zote zingekuwa mbovu tangu ya kwanza, ningelitilia shaka gitaa. Kwa kuwa za mwanzo zilikuwa nzuri, nilivitilia shaka vidole vyangu. Nilivifanyisha kazi hadi ncha zikapasuka, kisha zikaota sugu, na wimbo ukaendelea kupinda palepale. Nilipothubutu kulalamika kwamba pengine chombo chenyewe kina tatizo, baba mdogo alinikatiza kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Hakunisema kwa ubaya. Alitaka nisiwe mtu wa visingizio, na methali hiyo kwa kawaida ni ya kweli. Lakini kuna siku jembe limechomoka kwenye mpini, na mkulima anayeendelea kulima nalo bila kuligeuza alitazame atafika jioni amechoka na shamba halijalimwa.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa ulipita hivyo. Aliyenifungua macho alikuwa mzee mmoja fundi seremala, jirani, aliyekuwa na gitaa la kweli ambalo alilipiga Jumapili alasiri akiwa amekaa juu ya gogo nje ya karakana yake. Siku moja aliniita nimpelekee kopo langu. Sikumwambia neno. Alipiga uzi mmoja ukiwa wazi, akabana nafasi ya 3, akabana ya 5, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akabana ya 7, akarudia. Akabana ya 9. Kisha akaliweka kopo mapajani, akanishika mkono wa kushoto, akazitazama ncha za vidole mojamoja kama daktari anavyotazama kucha.

"Mwanangu, umefanya kazi," aliniambia. "Vidole hivi havina kosa. Shingo ndiyo imekosea."

Alichana ukanda mrefu kutoka kwenye mfuko wa simenti, akaulaza juu ya shingo ya gitaa lake, akapiga alama kwa penseli ya useremala kila palipokuwa na freti. Gitaa lake lilikuwa na uzi wa sentimita 65, kwa hiyo aliling'oa daraja langu akalisogeza chini kwa sentimita 5 juu ya kopo. Halafu akauhamishia ukanda ule kwenye ubao wangu, akafungua waya wa spoku moja baada ya nyingine na kuzisogeza. Nilikuwa nimekaa chini miguuni pake. Niliona spoku zangu zikiacha mstari wao mzuri, za chini zikitengana kidogo, za juu zikianza kubanana, na zikaongezeka mbili ambazo sikuwahi kuziwazia. Kwa macho yangu ya wakati ule, shingo ilikuwa imeharibiwa.

Kuna jambo lililonichukua miaka kulikubali. Gitaa lililorekebishwa lilinisikikia vibaya. Sikio langu lilikuwa limekaa zaidi ya mwaka likijifunza uongo, likauzoea, likauweka mahali pa kweli. Vidole vilikuwa vimeshika masafa ya sentimita 3 kiasi kwamba viliruka bila kutazama na kutua mahali ambapo spoku haipo tena. Kujifunza upya kulikuwa kugumu kuliko kujifunza mara ya kwanza. Nilijikokota miezi michache, shule ya sekondari ikaanza, na nikaliacha kopo juu ya kabati. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka saba, alilishusha. Yeye hakuwa na lolote la kusahau. Alipoweka kidole mahali panapofaa sauti ilimjibu ipasavyo, akaweka tena, ikamjibu tena. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akimfuata mpiga gitaa wa kwaya ya parokia, na ukoo ukatoa hukumu yake.

Sisemi kwamba mimi na mdogo wangu tungefika mahali pamoja kama tungeanza na shingo moja. Pengine ana sikio jepesi kuliko langu, na subira yake naijua, ni kubwa kuliko yangu. Ninachosema ni kwamba hakuna ajuaye, kwa sababu jaribio halikuwa moja. Na bado sijamsikia jamaa hata mmoja akilikumbuka lile kopo anapotulinganisha. Wote wanakumbuka kipaji. Neno lenyewe, kwa jinsi lugha yetu ilivyopanga mambo, ni jina la kile tulichopewa na Mpaji na pia ni jina la paji la uso, kana kwamba mtu huzaliwa ameandikwa usoni na sisi kazi yetu ni kusoma tu. Likishatamkwa, maswali mengine yote huondoka: nani alimfundisha, kwa muda gani, kwa chombo gani, na je, kuna yeyote aliyekipima chombo hicho?

Najua nitajibiwa kwamba nchi yetu imetoa wapiga gitaa wakubwa ambao hawakuwa na shule ya muziki wala fundi wa kuwapimia. Jina la kwanza litakalotajwa ni la Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na ambaye gitaa lake na Kiswahili chake vilifika hadi Nairobi na kubadilisha namna watu wa huko walivyopiga. Jibu hilo ni zuri, lakini kwangu linathibitisha kinyume chake. Sikiliza kazi yake. Kidole gumba kinatembea chini kikishika mwendo, kidole cha shahada kinaimba juu, viwili tu, na kila kimoja kina njia yake bila kumkwaza mwenzake. Hilo haliwezekani juu ya shingo iliyopinda. Isitoshe, aliishi katika nchi ya migodi iliyovuta vijana kutoka pande zote, kila mmoja na nyimbo za kwao, na jioni za kambi za wafanyakazi zilikuwa na masikio mengi yenye uwezo wa kumwambia mtu papo hapo kwamba hapa umekosea. Hakuwa na shule yenye kibao mlangoni, lakini wa kumsikia walikuwepo.

Wala si kopo lililokuwa na kosa. Wapo waliojifunza kwa makopo mabovu kuliko langu wakawa wapigaji. Tazama jinsi mtengenezaji wa likembe, ile ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, anavyofanya kazi: hana rula, anausukuma ulimi wa chuma mbele au anauvuta nyuma kidogokidogo, anaupiga, anasikiliza, anausogeza tena, mpaka sikio liridhike. Kipimo chake ni sauti yenyewe. Mimi nilipima kwa kitu kisichosikia, kisha nikakiamini kuliko masikio yangu. Na spoku zangu zilikuwa zimefungwa kwa waya tu, hazikupigiliwa wala kugandishwa. Zingeweza kusogezwa siku yoyote, hata kwa mkono wa mtoto. Hakuna aliyeniambia kwamba inaruhusiwa.

Hapo ndipo kopo langu linapoingia darasani. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeliahidi, na mimi ni miongoni mwa waliolipokea kwa shukrani, kwa sababu najua watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, yaani karo. Lakini madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hana njia ya kushika shingo ya kila gitaa. Anasikia tu wimbo ulipopindia. Mtoto aliyepita vizuri mwaka wa kwanza na wa pili anaanza kuanguka mwaka wa 4 au wa 5, alama zinaandikwa kwa kalamu nyekundu, siku ya kutangaza matokeo jina lake linasomwa mwishoni mbele ya wazazi, na sote tunafikia uamuzi uleule niliofikia mimi: rahisi anaweza, magumu yanamshinda. Hatuulizi kama kuna kitu kilichopimwa vibaya tangu chini, kikawa kidogo mno kuonekana mwanzoni, kikakua kadiri alivyopanda.

Mara nyingi kitu hicho ni lugha. Mtoto wa Lubumbashi anaingia shuleni akiwaza na kuota kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Katiba inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha hizo zitumike kufundishia. Hata hivyo shule nyingi za mjini, hasa zile ambazo wazazi huzisifia, huanza kwa Kifaransa siku ya kwanza, na mtoto hujiokoa kwa kukariri. Kukariri ni nafasi zile tano za chini: kunatoka vizuri, mama anafurahi mlangoni. Sina ugomvi na Kifaransa. Nimekitumia kazini maisha yangu yote na nataka watoto wetu wakijue barabara. Nina ugomvi na rula inayolazwa juu ya kila mtoto kwa vipande vinavyolingana, mwezi huu somo hili, mwezi ujao lile, kisha tunaita usawa huo haki.

Ningependa pia kila shule ya msingi iwe na chombo kimoja cha muziki, hata likembe ya kutengenezwa darasani, wala si kwa kutafuta wanamuziki. Ni kwa sababu sijaona kazi nyingine ya mtoto ambayo kosa hujitangaza lenyewe mara moja, bila kalamu nyekundu na bila kumsubiri mwalimu, na ambayo mtoto anaweza kulisogeza kosa hilo kwa kidole chake hadi liondoke. Anayezoea hivyo tangu utotoni hatakubali upesi kuambiwa kwamba akili yake ndiyo yenye kasoro. Gharama yake ni ubao na vipande vya chuma, na katika mji huu chuma hatujawahi kukikosa.

Muhula uliopita mpwa wangu wa mwaka wa 5 aliletwa kwangu na buletini yake, yaani ripoti ya shule. Hesabu ilikuwa nyekundu kuanzia juu hadi chini. Dada yangu alikuwa amekwisha kutoa kauli: mtoto ni mtiifu, ila hesabu hana kipaji nayo. Nilimwomba aniachie binti kwa Jumamosi moja. Tulianza na hesabu za sehemu, zikamshinda. Tukashuka kwenye kugawanya, kukamshinda. Tukashuka kwenye kuzidisha, na hapo alichangamka, akanisomea jedwali la 6 lote kwa Kifaransa, kwa ule wimbo wa darasani, bila kukosa hata mstari mmoja. Nikamwuliza, "Lile neno unalolirudia katikati, *fois*, maana yake nini?"

Alifikiri kwa muda mrefu. "Ni vile tu inavyosemwa, mjomba."

Nikamwita mama watoto atuletee maharagwe kutoka jikoni, yale makavu yaliyokuwa bado hayajalowekwa. Nikayamwaga mezani, nikamwambia aweke matatu pamoja, halafu matatu mengine pembeni yake, halafu tena. "Umeweka matatu mara ngapi?" nikamwuliza; *mara* ndiyo hiyo *fois*. Akaanza kuyagusa mafungu kwa kidole, moja baada ya jingine, akihesabu polepole kwa Kiswahili.